Taulo la Upande wa Jua

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Ukungu tangu alfajiri, manyunyu ya asubuhi, jua la kubahatisha kuelekea adhuhuri.

Mwanamume aliyesimama stendi ya basi siku hiyo alikuwa amewahi mno. Basi la kutoka tambarare huingia mchana, naye alikuwa ametoka zamu ya usiku na kuja pale moja kwa moja, koti mkononi badala ya mwilini. Kila ukungu ulipopasuka na kuonyesha kipande cha buluu juu ya misonobari, aligeuka huku na huku kama anayetafuta shahidi. Ulipojifunga tena, alisonya.

"Baba Kadogo, leo unagombana na mbingu?" mkata tiketi alimuuliza kutoka kwenye kidirisha chake.

"Naiomba inistahi leo na kesho tu. Kesho kutwa inyeshe mawe ikitaka."

"Ndiyo leo anakuja?"

"Ndiyo leo."

Hakukuwa na haja ya kuuliza ni nani. Mama Kadogo, mkewe, aliteremka mlimani miaka sita iliyopita na kifua kinachokoroma kama birika, akaenda kukaa kwa binti yao kwenye joto. Binti huyo ndiye Kadogo mwenyewe. Jina la utotoni limemganda, ingawa sasa ana watoto wawili na mwili ambao ukiuona utauliza aliyempa jina hilo alikuwa anatazama wapi. Mwezi uliopita Kadogo alipiga simu akasema bila kuzunguka: "Baba, nataka kumjengea mama chumba chake hapa uani. Kabla sijaita fundi, aje aone kama huko kwako panakalika. Pakikalika, abaki. Pasipokalika, tuache kusumbuana."

Basi mama huyo alikuwa anakuja kulala usiku mbili. Katika usiku mbili hizo ndimo mumewe alitakiwa ajue kama atazeeka na mtu au peke yake.

Mji wenyewe umekaa kama bakuli lililoinamishwa. Upande mmoja jua hufika mapema na kuaga kwa shingo upande. Huko ndiko ziliko hoteli, bustani za maua na vibanda vya kukodisha farasi. Upande wa pili, chini ya mteremko, jua hupita kama mkaguzi: linachungulia, linaondoka. Huko ndiko wanakoishi wale wanaotandika vitanda vya upande wa kwanza. Ukitaka kujua mshahara wa mtu pale, usimuulize. Uliza tu jua linamfikia mlangoni saa ngapi.

Wageni huja wakati wa kiangazi. Hukaa siku chache, huvuta hewa mpaka vifua vinatuna, hupanda hadi jabalini, hukanyaga pedali za boti za bwawani, kisha wanaanza kuulizia bei ya viwanja. "Hapa ndipo pa kuishi," huwaambia watu wa mapokezi. "Hewa kama hii, na njia za kutembea zinaanzia mlangoni!" Baba Kadogo aliwasikia miaka mingi na kuwaunga mkono kimoyomoyo, kwa maana na yeye mji aliuona hivyo hivyo. Yeye ndiye anayelisha kuni boila la hoteli kubwa, lile tanuri la kuchemshia maji. Mtu anayeshinda mbele ya magogo yanayowaka, ukimweleza habari za baridi, anakuona unadeka. Baridi kwake ilikuwa burudani: unatoka nje na jasho lako, unapunga upepo, unarudi. Siku za mapumziko alipanda jabalini peke yake akarejea mashavu yanang'aa. Nyumbani kwao, upande wa kivuli, chini ya daraja, alimkuta mkewe amesimama dirishani, mikono ameifutika kwapani. Miaka yote hiyo alidhani ndivyo anavyonuna.

Basi liliingia taa zikiwaka. Mkewe alishuka wa mwisho, mkoba begani, kapu mkononi. Amenawiri. Hilo ndilo lililomchoma kwanza: amenawiri bila yeye.

"Karibu, mama."

"Ahsante. Umekonda."

"Nimekonda wapi? Koti ndilo kubwa."

"Koti hilo nililinunua mimi, Baba Kadogo. Lilikuwa linakubana."

Mkata tiketi alicheka mpaka akagonga kichwa kidirishani. Baba Kadogo alitwaa kapu, wakaondoka. Kwenye njia panda mama alishika kushoto, kuelekea darajani, kama miguu inavyokumbuka yenyewe. Mumewe alipinda kulia.

"Unanipeleka wapi? Kwetu ni huku."

"Nimehama."

"Umehamia wapi, hotelini?"

"Twende tu."

Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba ya muuguzi mstaafu, upande wa jua. Baba Kadogo alikuwa amekichumbia kama mtu anayechumbia mke: alikuja asubuhi akaona jua linaingia wapi, akaja mchana, akaja jioni, mpaka mwenye nyumba akamuuliza kama anatafuta chumba au anatafuta kuiba. Alikuwa ameweka godoro jipya, vikombe viwili, birika, na rafu aliyoipigilia mwenyewe, imeinama kidogo. Mama Kadogo hakuitazama rafu. Alipapasa ukuta kwa kiganja, kisha kwa mgongo wa mkono. Akainama akanusa pembe ya nyuma ya kitanda. Akainua godoro akatazama chini yake.

"Pakavu," alisema hatimaye.

"Si nilikuambia!"

"Nimesema ukuta mkavu. Sijasema kingine."

Mwenye nyumba alikuja kusalimia, sweta juu ya sweta. "Hapa, dada yangu, nguo ukianika asubuhi, mchana unaanua."

"Hata mwezi huu?"

Muuguzi mstaafu alitazama dari. "Mwezi huu," alisema, "inategemea."

Hapo Mama Kadogo akafungua mkoba na kutoa taulo. Lilikuwa jipya, zito, rangi ya maziwa, aina ile inayokunywa maji kama ng'ombe. Katika maisha yake ya mlimani alikuwa akifulia watu nguo, na kule chini ya daraja taulo kama hilo lingekaa kambani siku nne, siku ya tano linanuka uchachu, unalifua upya. Mikono ndani ya maji baridi, kifua kwenye mvuke wa nguo zinazogoma kukauka: ndiko kikohozi kilikoanzia.

"Wageni wenu wana vipimo vyao," alisema, akilikunjua. "Mimi kipimo changu ni hiki. Nitalifua kesho asubuhi, nilianike hapo nje. Likikauka kabla jua halijaondoka, nitamwambia Kadogo asiite fundi. Lisipokauka, usinibembeleze."

"Na kama litakauka nusu?"

"Taulo nusu kavu ni taulo bichi."

Jumapili iliamka bila ukungu. Baba Kadogo alifungua mlango akaona milima yote imepangwa wazi kama vyombo vilivyooshwa, akaurudishia polepole asije akaishtua. Mkewe alifua, akakamua kwa mikono yake ya kidobi mpaka taulo likalia, akalibana kambani kwa vibanio vinne, kando ya shuka za mwenye nyumba.

"Sasa?" aliuliza, akijifuta mikono.

"Sasa nikutembeze. Miaka kumi na miwili umekaa hapa, hujawahi kufika jabalini."

"Ningefika saa ngapi?"

Alichukua fimbo mbili nyuma ya mlango akampa moja.

Walipanda kwa njia ya msituni, ile ambayo wageni huipiga picha. Alimwonyesha chemchemi, alimwonyesha gogo lenye uyoga wa manjano, alimwonyesha mahali nyani walipomnyang'anya mgeni miwani na mmoja wao akaivaa. Alizungumza kupita kiasi. Na kila walipofika pa kupanda alinyamaza, akasikiliza pumzi ya mkewe. Hakukohoa. Alipumzika mara kadhaa, akasema magoti ndiyo yanayolalamika, siyo kifua, na mumewe akageuza uso ili asionekane anachekelea.

Juu ya jabali upepo ulikuwa mtulivu. Tambarare yote ilikuwa imelala chini yao, ya kahawia, na mahali pamoja mabati yalikuwa yanametameta.

"Kwa Kadogo ni pale," mumewe alisema. "Kulia kwa panapong'aa."

"Umejuaje?"

"Niliwauliza madereva wa mabasi. Nikija hapa naangalia pale. Nasema, sasa hivi anaanua nguo. Sasa hivi anamgombeza mjukuu."

Mkewe alikung'uta majani kwenye sketi yake.

"Huko jioni nikitoka uani," alisema, "mlima unaonekana kama wingu lililosahau kuondoka. Nasimama nautazama. Kadogo ananiuliza, mama unatazama nini, namwambia natazama kama mvua inakuja." Akasimama akisaidiwa na fimbo. "Nilikuwa najiambia, yumo humo ndani, mjinga yule, na jasho lake."

Baba Kadogo angeweza kuishi juu ya lile jabali mpaka mwisho wa siku zake. Lakini walipoanza kushuka, ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni kuwapokea. Ulipita kwenye misonobari bila haraka, kama mwenye nyumba anayerudi kwake.

Kwenye njia panda mkewe alisema anataka kumsalimia jirani yao wa zamani darajani. "Wewe tangulia. Na taulo langu usiliguse."

"Niliguse nalitakia nini?"

Alifika nyumbani anahema. Jua lilikuwa limebaki kama sahani ya bati nyuma ya pazia. Alilishika taulo juu: kavu. Akalishika katikati: kavu kavu. Akashika upindo wa chini, pale maji yanapoteremkia kujificha, akakuta ubaridi. Si maji ya kudondoka. Ubaridi tu, kama pua ya mbwa. Alitazama juu, akatazama barabara ya darajani, akatazama tena upindo. Aliona fundi anapima uwanja wa Kadogo kwa kamba. Aliona chumba kipya uani, na mkewe anatundika pazia.

Akili ilikuwa bado inajadili, vidole vimekwisha kufungua vibanio.

Chumba cha boila kiko nyuma ya hoteli, ukuta mmoja na chumba cha kufulia. Mwenzake wa zamu alimwona akiingia na taulo chini ya koti, akasogea pembeni bila kuuliza. Aliyeuliza ni mkuu wa madobi, mama wa makamo ambaye hakuna kitu cha nyuzi kinachopita mbele yake bila kukaguliwa.

"Leo ni mapumziko yako," alisema, "na hilo taulo si la hoteli."

"Naazima joto kidogo."

"La nani?"

"La mke wangu. Amelianika anipime."

Mama dobi aliweka chini pasi. "Anakupima wewe au anapima jua?"

"Limebaki upindo tu, dada."

"Hee! Na mvi zimekutoka! Mwanamke mwenyewe ni dobi, halafu unamletea taulo lililokaushwa kwa bomba la moto?"

"Kavu ni kavu. Atajuaje?"

Mama dobi alimtazama kwa huruma, kama anavyotazama doa la kutu. "Haya, lete hapa basi, usiliweke juu ya bomba lenye masizi." Akamtandikia gazeti.

Haikuchukua muda, upindo ulikauka, ukawa mkakamavu. Alilirudisha chini ya koti, mbio mbio, akalibana pale pale, kwa vibanio vile vile vinne. Alikuwa bado anavuta pumzi wakati ukungu ulipopasuka na jua likatoka. Likatoka kweli kweli, la kuchoma utosi, likamwagika uani kote, likakaa. Shuka za mwenye nyumba zilianza kupepea nyepesi. Kabla ya chai ya jioni muuguzi mstaafu alikuja akazianua, akajipangusa uso kwa moja na kusema, "Leo tumependelewa, baba."

Baba Kadogo alisimama chini ya jua hilo alilolililia wiki nzima, akatamani lingezama.

Mkewe alirudi akiwa na habari za jirani mdomoni. Alifika kambani, akaminya taulo juu, katikati, upindoni. Uso ukamkunjuka. Akafungua vibanio, akalikunja mara moja, mara mbili, na katika mkunjo wa tatu mikono ikasimama. Akalileta usoni. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko mtu anayepima ukavu.

"Limekauka," alisema mumewe, kwa sauti iliyomtoka nyembamba.

"Limekauka," mkewe aliitikia, akaingia nalo ndani.

Walikula viazi, wakanywa chai. Alimsimulia habari za jirani tena, na mumewe akacheka pale pale alipocheka mara ya kwanza. Vyombo vilipokwisha kuoshwa, Mama Kadogo alikaa kitandani, taulo mapajani, akauliza taratibu:

"Boila halijambo?"

"Boila lipi?"

"Kwani mnayo mangapi?"

Alichukua kikombe kilichokwisha kuoshwa, akakifuta tena. Kwa nje mwenye nyumba alikuwa anafunga madirisha, moja baada ya jingine.

"Ulikuwa upindo tu," alisema mwishowe. "Upindo! Halafu jua likatoka. Lingekauka lenyewe, haki ya Mungu. Shuka za huyu mama zimekauka, kamuulize."

"Nimeziona."

"Sasa si ndiyo hivyo? Panakalika."

"Shuka ni nyepesi. Sijui taulo lingekuwaje. Nami ndicho nilichokuja kujua." Hakupandisha sauti, angepandisha ingekuwa nafuu. "Ungeliacha, leo ningejua. Na wewe ungejua."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Unajua kule chini ya daraja nilikuwa nakuambia nini? Hapa hapakauki kitu. Unanijibu, mbona mashati yangu yanakauka. Unayabeba unayapeleka kwenye moto wako, unarudi nayo makavu, unanishangaa mimi. Nakuambia baridi, unaniambia vaa soksi."

"Nilidhani unanuna."

"Nilikuwa nanuna pia," alisema. "Vyote viwili."

Baba Kadogo alitaka kucheka, akaona si wakati wake. Mkewe alilinyanyua taulo tena mpaka puani, na safari hii hakulificha.

"Moshi wa msonobari na chuma. Mashati yako yote yalikuwa hivi. Mwaka wa kwanza kwa Kadogo nilikuwa naitafuta harufu hii kwenye mto wa kulalia, usiku, kama mwehu." Alisema kwa hasira, kama mtu anayetaja alichoibiwa. "Halafu leo unaniletea kwenye kitu ambacho nilitaka kinuke jua."

Alilikunja, akaliweka miguuni pa kitanda. Kisha mama akasogea akampa nafasi, maana koti lilikuwa halitoshi na usiku wa mlimani umeshaingia.

"Nitaondoka kesho kama tulivyopanga," alisema gizani. "Taulo nakuachia. Ulifue mwenyewe, kwa maji ya bomba la nje, ulianike, ukae nalo. Usiende hotelini ukarudi kuniambia. Ukae nalo. Msimu wote huu wa ukungu, kila siku isiyo ya zamu. Unipigie uniambie kweli."

"Nikikuambia halikukauka?"

"Utakuwa umeniambia halikukauka."

"Na Kadogo? Na fundi?"

"Fundi nitamwambia Kadogo amngojeshe. Mafundi wamezoea kungojesha wengine, naye angoje kidogo."

"Utarudi?"

"Lala, Baba Kadogo."

Jumatatu ukungu ulikuwa chini kiasi kwamba basi lilisikika kabla ya kuonekana. Alimpandisha, akamwekea kapu juu, akashuka wakati kondakta anapiga bodi. Mkata tiketi aliona uso wake, akajifanya anahesabu chenji. Basi liliingia kwenye weupe, taa nyekundu zikabaki kidogo, kisha nazo zikaenda.

Alirudi chumbani, akachukua beseni na kulijaza kwenye bomba la nje. Hakupasha maji. Alipotumbukiza mikono alishtuka akaitoa, akaitazama, akairudisha. Alisugua, akasuuza, akakamua. Taulo lilimshinda nguvu, likamwagia maji viatuni. Alilibana kwa vibanio vinne. Kisha akaleta kigoda, akakiweka kando ya kamba, akakaa.

"Ingia ndani unywe chai, utaganda!" mwenye nyumba alimwita kutoka dirishani.

"Ahsante, mama. Nipo kazini."

Ukungu ulipita kati yake na taulo. Matone yalianguka moja moja kutoka upindoni. Simu ilipolia aliitoa mfukoni kwa shida, vidole havimtii.

"Limekauka?" Nyuma ya sauti ya mkewe injini ilikuwa inanguruma kwenye kona za mteremko.

"Mama Kadogo, hata kudondoka halijaacha."

Akamsikia anacheka, kisha anaacha kucheka.

"Baridi?"

Simu alikuwa ameibana kwa bega. Mikono yote miwili, bila yeye kujua tangu saa ngapi, ilikuwa imejifutika kwapani.

"Baridi," alisema. "Kali."

Injini ilinguruma peke yake kwa kitambo.

"Haya," mkewe alisema, polepole. "Nipigie jioni."

Alibaki pale pale kwenye kigoda, akiangalia upande ambao jua lingetokea, kama lingetokea.